Karatasi, Simu au Sikio: Kitabu Chako Kitasomwa na Wangapi?

Swali ninaloulizwa sana dukani kwangu ni hili: siku hizi mtu anunue kitabu cha karatasi, apakue cha kwenye simu, au atafute cha kusikiliza? Wanauliza wanafunzi wa chuo, walimu wa shule za msingi, wazazi wenye watoto wa darasa la nne, na sasa hata wazee wa kanisa. Kabla sijamjibu mtu, na mimi humuuliza la kwangu: hicho kitabu kitasomwa na wangapi, na utakirudia mara ngapi? Akishanijibu hayo mawili, mara nyingi anakuwa ameshajua mwenyewe la kufanya.

Nina steshenari hapa Makumira, kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, karibu na njia panda ya kuingilia chuoni. Nadurufu, nachapa, nabana spairo, nauza kalamu na madaftari, vitabu vipya vichache na vilivyotumika vingi. Eneo letu limezoeana na vitabu tangu zamani. Walutheri walikihamishia hapa chuo chao cha theolojia miaka ya 1950 kutoka Lwandai, Lushoto, na leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira ambacho kinafundisha pia sheria, ualimu na muziki. Ukielekea Arusha unakutana na Tengeru, kwenye Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, na Patandi, kwenye chuo cha ualimu wa elimu maalumu. Kwa hiyo ndani ya kilomita chache msomaji wa kila aina anapita mbele ya meza yangu: mwenye macho makali na asiyeona, mwenye kompyuta na mwenye kitochi.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kitabu cha karatasi, kitabu cha kwenye simu na kitabu cha sauti vyote ni vitabu, na anayesikiliza asidharauliwe na anayesoma. Lakini kila kimoja kina kazi yake na kina idadi yake ya wasomaji. Hela ya watu inapotea pale wanapokipa kimoja kazi ya mwenzake.

Karatasi haina nywila

Ninayo nakala ya zamani ya Kuli, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1979. Fungua ukurasa wa kwanza utakuta majina ya waliopata kuimiliki, moja chini ya jingine: la kwanza kwa wino wa bluu uliofifia, la pili kwa penseli, la tatu kwa bolpeni nyekundu likiwa na maneno "Kidato cha Tatu B" mbele yake. Pembeni kuna muhuri wa shule ambao hausomeki tena. Katikati ya kitabu mtu amepigia mstari sentensi, na mwingine ameandika "kweli" kwa herufi ndogo. Kitabu hicho kimepita mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuonana, na kila mmoja alikipata kwa kupewa, kuazima au kununua kwa bei nafuu kuliko aliyemtangulia.

Huo ndio uwezo mkubwa wa karatasi katika nchi yetu. Kitabu kimoja kinahudumia nyumba nzima, kisha kinahamia kwa jirani. Hakihitaji chaji, bando wala nywila. Umeme ukikatika Usa River nzima, taa ya sola inatosha. Ukishakinunua ni chako kabisa: unaweza kukiazimisha, kukiuza, au kumwachia mwanao.

Hali ni tofauti kwa vitabu vingi vinavyouzwa mtandaoni na maduka makubwa ya ng'ambo. Pale unalipia ruhusa ya kusoma, na mwenye duka anabaki na ufunguo. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta nakala za riwaya ya George Orwell iitwayo 1984 kutoka kwenye vifaa vya Kindle vya watu waliokuwa wamekwishazilipia, kwa sababu aliyeziweka dukani hakuwa na haki ya kuziuza. Kampuni iliwarudishia fedha na baadaye ikaomba radhi, lakini wasomaji walikuwa wamelala na kitabu wakaamka hawana. Hakuna muuza vitabu wa mjini Arusha anayeweza kuingia chumbani kwako usiku akachukua kitabu alichokuuzia.

Karatasi ina sifa nyingine ambayo wanafunzi wanaijua kwa uzoefu, na wataalamu wameipima. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake wa Hispania na Israeli walichapisha matokeo ya kuzikusanya pamoja tafiti 54 zilizofanyika kati ya mwaka 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000. Walilinganisha uelewa wa mtu anaposoma kwenye karatasi na anaposoma maneno yaleyale kwenye kioo cha kompyuta au kifaa kingine. Kwa maandishi ya kufundisha na kueleza mambo, waliosoma karatasi walielewa zaidi, hasa walipopewa muda mfupi. Kwa hadithi tupu, tofauti haikuonekana. Maana yake kwetu ni nyepesi: riwaya isome popote, lakini kitabu cha kufanyia mtihani kipe karatasi.

Karatasi nayo ina shida zake. Kwanza ni kupatikana. Vitabu vya Kiswahili huchapwa nakala chache, zikiisha unaweza kungoja miaka kabla havijachapwa tena. Pili ni uzito na nafasi, na mwanafunzi anayehama chumba kila mwaka anaelewa. Tatu ni adui wa huku kwetu mlimani. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, unyevu wa Meru unaingia hadi kabatini. Karatasi zinapata ukungu, zinavimba na kushikana. Mchwa naye hapigi hodi. Rafu yangu nimeisogeza mbali na ukuta na kuiinua juu ya sakafu, vitabu nimevisimamisha bila kuvibananisha, na mvua zikiisha natoa kimoja kimoja, nakifungua kipigwe na upepo kivulini. Jua kali halifai, linakausha gundi na kurasa zinaachia.

Asiye na uwezo wa kununua asisahau maktaba. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba za taifa ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa mwaka 1967. Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba za mikoa, na Arusha tunayo ya kwetu mjini. Ada ya uanachama ni ndogo ukiipima na bei ya vitabu unavyoweza kusoma mwaka mzima. Namhimiza kila mzazi anayepanda daladala kwenda mjini Jumamosi ampitishe mtoto pale.

Softi kopi na safari yake ya kurudi kwenye karatasi

Wanafunzi hapa hawasemi "kitabu cha kielektroniki". Wanasema softi kopi, na ile ya karatasi ni hadi kopi. Mazungumzo tunayofanya kila msimu wa mitihani huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikusaidie nini?"

"Nina softi ya kitabu cha sheria ya mikataba. Naomba unitolee kurasa hizi tu."

"Umekisoma kwenye simu?"

"Nimejaribu mama, macho yanauma. Na nikifika mwisho wa mstari nimeshasahau mwanzo."

Hapo anakuwa ananyoosha simu nione. Ukurasa umejaa kioo, maneno madogo kama chungu. Akiukuza kwa vidole viwili, nusu ya mstari inatoka nje. Inabidi ausukume kushoto, kisha kulia, kila mstari. Shida hapo haiko kwenye simu wala kwenye macho yake. Iko kwenye aina ya faili, na jambo hili watu wengi hawajaelezwa.

Faili la PDF ni picha ya ukurasa uliokwisha kupangwa. Kama lilipangwa kwa karatasi kubwa ya A4, litabaki na umbo hilohilo hata ukilitia kwenye kioo cha upana wa kiganja. Aina nyingine inaitwa EPUB. Hii haina ukurasa uliogandishwa: maneno yanajipanga upya kufuata upana wa kioo chako, nawe unakuza herufi kadiri unavyotaka bila mstari kukatika. Kwa anayesomea kwenye simu, EPUB ni pumziko la macho. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua EPUB kwa ajili ya simu, na PDF iache kwa kompyuta, kishikwambi au kuchapwa. Weka simu kwenye hali ya ndege unaposoma, maana ujumbe mmoja wa kundi la familia unatosha kukuondoa kwenye sura nzima.

Vipo pia vifaa maalumu vya kusomea, kama Kindle iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 2007. Kioo chake kinatumia wino wa kielektroniki: chembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa na umeme na kubaki zilipo bila kuendelea kula chaji. Ndiyo maana betri inakaa majuma, na juani kinasomeka vizuri kama karatasi. Lakini bei yake huvuka dola 100 kabla hujalipia usafiri, na vitabu vya Kiswahili vya kukitia ni vichache. Simpi mtu ushauri wa kukinunua kama lugha anayoisoma zaidi ni Kiswahili.

Sasa nitaje mambo ambayo kwayo kitabu cha kwenye simu kinaishinda karatasi. La kwanza ni kutafuta neno. Mwanafunzi wa sheria anayetaka kila mahali lilipotajwa neno "dhamana" atalipata kwa sekunde, wakati mwenye karatasi bado anafunua faharasa. La pili ni kufika pasipo na duka. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao yake, kwa hiyo mwalimu wa kijijini anaweza kuona kitabu ambacho shule yake haijaletewa. Kwa watoto kuna African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, wenye hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Hadithi zile zimetolewa kwa leseni huru: unapakua, unasoma bila mtandao, hata kuchapa unaruhusiwa. Nimewachapia walimu wa chekechea hadithi hizo, zikabanwa spairo, na sasa zinasomwa na darasa zima.

La tatu ni ndugu zetu walioko nje. Mtanzania aliyeko Muscat au Minneapolis hana duka la vitabu vya Kiswahili mtaani kwake. African Books Collective, muungano wa wachapishaji wa Afrika wenye ofisi Oxford, Uingereza, huuza kazi za wachapishaji wetu kama Mkuki na Nyota kwa karatasi na kwa kielektroniki. Aliye mbali, kitabu cha kupakua ndicho kinachomfikia siku hiyohiyo.

Waandishi wa riwaya nao wameijua njia ya simu. Wapo wanaouza hadithi zao kwa WhatsApp, sehemu kwa sehemu. Msomaji analipa kwa simu, anatumiwa. Ni njia nzuri kwa mwandishi ambaye hana mchapishaji, na imewarudisha kwenye kusoma vijana wengi ambao shule iliwachosha.

Udhaifu mkubwa wa kitabu cha kwenye simu ni kwamba kina msomaji mmoja. Simu ni ya mtu binafsi, ina siri zake, haiazimishwi. Mtoto hawezi kuifungua rafu ya baba yake ikiwa rafu hiyo iko ndani ya simu iliyofungwa kwa alama ya kidole. Nyumba inaweza kuwa na vitabu 200 kwenye simu ya mama, na mtoto akakua akidhani nyumbani kwao hakuna kitabu. Nawaambia wazazi hili bila kuzunguka: mtoto huiga anachokiona, na mzazi anayesoma kwenye simu, machoni pa mtoto, anachezea simu tu.

Sikio lilikuwa na kitabu zamani

Kuna wanaodhani kitabu cha kusikiliza ni mtindo uliotoka Ulaya. Watanzania wa umri wangu walilelewa nacho. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Mama na Mwana, kipindi cha hadithi za watoto, na sauti ya Debora Mwenda ilitukusanya watoto wa nyumba tatu nne kwenye redio moja. Baadaye, mwaka 1993, ukaja mchezo wa Twende na Wakati uliofundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Mapadri, wachungaji na mashehe nao wamehubiri redioni miaka yote hiyo. Huku kwetu Sauti ya Injili kutoka Moshi imo ndani ya nyumba nyingi za Wameru.

Mfano mkubwa kuliko yote ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Serikali ilitayarisha vijitabu na vipindi vya redio vilivyokwenda sambamba kwa majuma 12. Kijijini watu walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi, mmoja aliyejua kusoma akawasomea sura ya juma hilo, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kufukia madimbwi ya mbu. Watu takriban milioni mbili walishiriki. Angalia ujuzi wa mpango ule: sauti ilimfikia asiyejua kusoma, karatasi ikabaki kijijini kwa ajili ya kurudiwa. Hakuna aliyeuliza ipi bora. Kila moja ilifanya kazi ambayo nyingine haiwezi.

Mama mkwe wangu anaishi Nkoaranga, juu kidogo ya hapa. Mtoto wa jicho amempunguzia nuru, na Biblia yake kubwa ya Union Version ameiweka kabatini, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilimnunulia redio ndogo ya memori kadi, fundi akamwekea Agano Jipya lililorekodiwa kwa Kiswahili. Jioni utamkuta amekaa kwenye kigoda chini ya migomba, ungo wa maharage mapajani, redio imening'inizwa kwenye tawi la mbuni. Mikono inapukuchua, sikio liko kwa Luka. Msomaji akifika mahali anapopapenda anainua kidole, na sisi wote tunanyamaza. Majirani wawili wamezoea kuja na maharage yao wapukuchue huku wakisikiliza. Kitabu kile cha sauti kimekuwa cha watu wengi, kwa sababu kinasikika uani na hakikufungiwa kwenye hedifoni.

Kwa hiyo sauti inaweza kuwa ya mmoja au ya wengi, kutegemea unavyoitumia. Kwa mmoja, inafaa dereva wa lori, mama anayepalilia, kijana aliyebanwa kwenye daladala ya Usa kwenda mjini ambapo hata kuinua mkono wenye kitabu hakuna nafasi. Onyo langu ni moja: ukishuka kituoni toa hedifoni kabla hujavuka barabara. Magari na bodaboda wa barabara hii hawasubiri mtu amalize sura.

Je, anayesikiliza anaelewa sawa na anayesoma? Utafiti unatoa jibu lenye pande mbili. Mwaka 2016 Beth Rogowsky na wenzake nchini Marekani waliwapa watu wazima kitabu kimoja cha historia. Wengine walikisoma, wengine walikisikiliza, wengine walifanya yote mawili kwa pamoja. Uelewa wao haukutofautiana. Lakini mwaka 2010 watafiti wengine wa hukohuko, David Daniel na William Woody, waliwapa wanafunzi wa chuo makala ya somo lao. Waliosikiliza walipata alama za chini wazi kuliko waliosoma. Mimi naona hayo mawili hayapingani. Masimulizi yanayotiririka, sikio linayabeba vizuri. Somo lenye istilahi, tarakimu na hoja za kupanga linakutaka usimame, urudi nyuma, upige mstari, na sauti hupita haraka kabla hujafanya hayo.

Kuna watu ambao kwao sauti ni haki. Kitabu kimoja kinene kikiandikwa kwa nukta nundu kinageuka juzuu nyingi. Biblia nzima inajaza rafu kwa makumi ya juzuu. Mwanafunzi asiyeona hawezi kutembea na mzigo huo, lakini memori kadi anaweza. Duniani kuna Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki. Ulianza kutumika mwaka 2016, na Tanzania ilijiunga mwaka 2020. Walimu wanaosomea Patandi wanaujua umuhimu wake. Nchi ina njia ya kisheria. Kinachotakiwa ni watu wa kukaa kwenye maikrofoni.

Hapo ndipo penye upungufu wetu. Vitabu vya Kiswahili vilivyorekodiwa vizuri, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, bado ni vichache. Kinachojaa mtandaoni ni simulizi na makala, kama zile za Denis Mpagaze zinazosomwa na Ananias Edgar, ambazo zina wasikilizaji wengi kwelikweli. Wasikilizaji hao ni ushahidi kwamba soko lipo. Simu nyingi za Android zinaweza pia kusoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti ya mashine. Inasaidia kwa gazeti au barua, lakini mashine haijui mahali pa kuvuta pumzi katika shairi.

Upande wa gharama, fahamu kuwa sauti inakula bando. Riwaya ya maandishi matupu mara nyingi haizidi megabaiti mbili. Riwaya hiyohiyo ikisomwa kwa saa kumi, kwa ubora wa kawaida wa sauti wa kilobiti 64 kwa sekunde, inafika karibu megabaiti 290. Pakua mara moja mahali penye mtandao wa bure, hifadhi kwenye kadi, kisha sikiliza bila mtandao.

Jasho la mwandishi

Mtu akileta softi kopi ya kitabu kizima ambacho bado kinauzwa dukani, namkatalia kukichapa chote. Kurasa chache za kujisomea namtolea, kitabu kizima hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na miaka 50 hiyo ilitimia 2012. Euphrase Kezilahabi, aliyetupa Rosa Mistika mwaka 1971, alituacha Januari 2020. Kazi zake ni mali ya warithi wake kwa muda mrefu bado.

Hata hesabu yenyewe haimnufaishi anayeiba. Kitabu cha kurasa 300, kwa shilingi 100 kila ukurasa, ni shilingi 30,000 kabla ya spairo. Riwaya nyingi za Kiswahili dukani hazifiki bei hiyo, nazo zimechapwa vizuri, zina jalada, na mwandishi amepata chake. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake Paradise. Kazi kama hiyo inahitaji mfasiri, mhariri na mtambo. Tukisambaza PDF za wizi kwenye makundi ya WhatsApp, tafsiri inayofuata haitakuja.

Basi uchague nini?

Mzazi mwenye watoto, anza na karatasi. Nunua kamusi moja nzuri, kama Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA iliyotoka mwaka 2015, na vitabu vya hadithi ambavyo mtoto mkubwa atamrithisha mdogo. Viweke mahali mtoto anapofikia kwa mkono wake.

Mwanafunzi wa chuo, tumia softi kopi kutafutia na kupitia vitabu vingi. Ukishajua kitabu kinachobeba somo lako, kipate kwa karatasi, chako au cha maktaba, usome ukiwa na penseli.

Mpenzi wa riwaya, soma kwa njia yoyote inayokufikia, maana hadithi haina ubaguzi. Ila ile iliyokugusa hadi ukataka kuirudia, inunue nakala ya karatasi uiazimishe.

Mzee ambaye macho yamechoka, asiyeona, na mwenye kazi za mikono, chagueni sauti, tena sauti ya wazi inayosikika na wengine. Aliye mbali na nyumbani achague cha kupakua, na akija likizo aondoke na vya karatasi.

Kwa wachapishaji na redio zetu nina ombi. Maandishi ya Shaaban Robert yapo, wasomaji wenye sauti nzuri wapo, studio zipo Arusha na Moshi, na chuo chenye wanafunzi wa muziki kiko hapa Makumira. Rekodini vitabu vya Kiswahili vizima, mviuze kwa bei ambayo muuza ndizi wa soko la Tengeru anaweza kulipa.

Nawe msomaji, mwezi huu nunua kitabu kimoja cha Kiswahili kwa fedha halali, kiwe cha aina yoyote kati ya hizi tatu. Kama ni cha karatasi, andika jina lako ukurasa wa kwanza, na ukikimaliza mpe mwingine aandike lake.